Kocha Niliyemnyamazisha

Nilikuwa dereva wa klabu moja ya riadha Riyadh, na kosa ninalolijutia hadi leo nililifanya nikidhani namsaidia mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi kutoka kisiwa kimoja cha Karibi. Klabu ilimleta afundishe vijana kuchomoka mstarini bastola inapolia. Jamani, yule mtu alikuwa amekimbia! Alivaa medali ya shaba ya mbio za kupokezana vijiti, akatamba Ulaya misimu miwili, kisha msuli wa paja ukakatika mbele ya dunia nzima na wadhamini wakatoroka kwa mbio kumshinda yeye. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, na bado kila asubuhi alifanya mazoezi kabla jua halijawa kali. Mimi nilikaa kivulini na chai yangu. Wasaudi walinishangaa, ati Mkenya gani hakimbii? Niliwajibu kwamba hata basi la kwenda mtaa wa Batha likinipita huwa nasubiri lingine.

Siku moja akaja anacheka peke yake. Chama cha kwao kilikuwa kimemwita kwenye mchujo wa timu ya taifa, wiki tatu zijazo. Ni mara ya mwisho, alisema, mwakani huu mguu hautakubali. Alihitaji tu bosi, ambaye ndiye aliyekuwa kafili wetu, yaani mdhamini wa vibali vyetu vya kazi, amsainie ruhusa ya kutoka nchini. Pasipoti yake ilikuwa imefungiwa ofisini pamoja na yangu.

"Naingia kumwomba sasa hivi," akasema.

"Wewe! Unataka kufukuzwa?" Nikamvuta mkono. Nikamsimulia habari za Wakenya wenzangu wa mtaa wa Al-Sulay: mmoja aliomba kwenda kumzika mamake akanyang'anywa simu, mwingine akahamishiwa kupakua makontena juani. "Hapa mtu haombi, kocha. Fanya kazi vizuri, nyamaza, siku bosi akiwa na raha atakuuliza mwenyewe."

Nilisema kwa sauti ya mwenyeji, bana, na yeye mgeni akaniamini.

Tukaenda Jeddah na vijana kwa mashindano, wakashinda. Bosi alifurahi hadi akatumiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Mkimbiaji akanitazama. Nikatikisa kichwa, bado. Aki, nikikumbuka hicho kichwa natamani kukigonga ukutani.

Siku moja kabla ya mchujo, nikiwaendesha wote wawili, bosi akageuka kutoka kiti cha mbele.

"Kocha, nimeona mtandaoni mchujo wa kwenu umefika. Wewe hukwenda?"

"Ni kesho," akajibu.

"Kesho! Na hapa unafanya nini?"

Bosi akapiga simu ofisini pale pale, ruhusa iandaliwe, akatafuta ndege. Lakini safari ya kwao ni ndege tatu, siku nzima na zaidi. Halas, imekwisha.

"Mbona hukuniambia?" Bosi alikuwa ameumia kweli, nilimsikia. "Ningesaini siku hiyo hiyo."

Mkimbiaji angeweza kunitaja. Alisema tu kwamba alichelewa kuamua.

Kesho yake baada ya swala ya magharibi, kwao bado ni asubuhi, tulitazama raundi ya kwanza kwenye simu yangu ndani ya gari. Jina lake halikuwa limeondolewa. Watu saba waliinama mstarini, na njia ya tano ilikuwa tupu. Bastola ikalia. Nilishindwa kujizuia, nikalia mtu mzima mimi, nikamwomba msamaha.

Alizima simu akanirudishia.

"Wewe hujaenda nyumbani miaka mingapi?" akauliza.

"Minne."

"Uliomba wakakunyima?"

Nilishika usukani nikatazama mbele. Sikuwa nimewahi kuomba.