Kirusi Kilichotolewa Sumu

Binti yangu alikuwa akisomea kazi ya maabara chuoni. Likizo moja alikuja nyumbani Kiwanjani, akawa anasoma kwa sauti huku mimi nimejilaza mkekani. Joto la saa nane lilikuwa limenilegeza. Upepo uliinua pazia ukalishusha, na sauti yake ilinijia kama inatoka mbali, huko Merti nilikoolewa.

"Wanachukua seli shina kwenye uboho, ndani ya mifupa ya mgonjwa," alisema. "Hizo ndizo huzaa damu yote. Kisha wanatumia virusi kuingiza jeni isiyo na kasoro ndani ya seli hizo, halafu mgonjwa anarudishiwa seli zake."

"Virusi gani?" nikauliza, macho nimefumba.

"Vya ukimwi, mama. Lakini vimetolewa sumu, haviwezi kuzaana tena. Wanavitumia kwa sababu vinajua njia ya kuingia ndani ya seli."

Baba yake alikufa kwa virusi hivyo. Mimi nilikuwa nameza vidonge tangu msiba ule, na watoto nilikuwa nimewaambia ni vya presha.

Nilidhani nitaogopa, lakini nilihisi mwili umekuwa mwepesi, kama mkeka umeinuka kidogo kutoka sakafuni. Nikajiona msichana tena kule Korbesa nilikokulia, nimesimama kisimani wakati wa kiangazi, ngamia wanakunywa mmoja mmoja bila haraka. Sijui nilikaa hivyo muda gani.

"Ile dawa yangu," nikasema, "si ya presha."

"Najua, mama. Tangu darasa la saba. Nilisoma jina lake kwenye chupa."

"Na hukusema?"

"Nilikungoja wewe."

"Ndiyo sababu ukachagua maabara?"

"Kidogo," akajibu.

Alifunga kitabu, akaja kujilaza kando yangu. Nikamuuliza kama hao wagonjwa wanapona kweli. Akasema wako wenye magonjwa ya damu ya kurithi waliopona, ila matibabu hayo ni ghali na huku kwetu hayajafika.

"Na mimi?"

"Wewe meza vidonge vyako tu. Vinafanya kazi."

Tukalala hapo hapo, mkono wake juu ya tumbo langu kama alivyozoea akiwa mdogo, mpaka adhana ya alasiri ikatuamsha.

Kabla hajarudi chuoni alinisindikiza kliniki. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda na mtu. Tulikaa kwenye benchi tukingoja zamu, tukiongea habari za mvua.