Mbwa Alipoitikia Mwito wa Mume Wangu

Tuliokwenda Koboko siku ile ya ngoma za asili tulikuwa hawa: mimi, shemeji yangu, yaani mdogo wa mume wangu, baba mmoja mama mmoja, wifi yangu aliyeolewa Lobule, yeye alitungoja kiwanjani na mihogo ya kuchemsha, mjukuu wangu, binti wa mtoto wangu wa kwanza, mkubwa sasa, ndiye aliyekodi gari, na mbwa wa mume wangu. Majina yao yote ninayo kichwani, hata la dereva na la mama yake, lakini wenyewe wako hai, sitayaandika.

Mume wangu hakuwepo. Alivuka mpaka kwenda Kongo kununua ng'ombe, basi, hakurudi. Mwili hatukuuona. Mtu wa kusema "mimi nilimzika" hakuja. Mbwa alikuwa amekwenda naye, akarudi nyumbani kwetu Manibe peke yake, amekonda, hana jeraha. Tangu hapo hakubali kubaki na mtu mwingine, kwa hiyo hata kwenye ngoma nilikwenda naye, nimemfunga kamba ya katani.

Sisi Walugbara, kila mwanamume ana mwito wake, tunauita cere. Anaupiga akirudi kutoka kuwinda, akitoka kwenye pombe, akiingia uwanjani kucheza. Mke akiusikia toka bondeni, anateleka maji. Ni wake peke yake; ukipiga wa mwenzako umetafuta vita. Akifa, mrithi wake anaupiga mara ya kwanza kwenye ngoma ya matanga, na hapo watu wanajua, huyu amekwisha. Wa mume wangu ulikuwa haujapigwa. Shemeji alitaka. "Shemeji, tumalize hii maneno," alikuwa akiniambia. "Mutu hawezi kukaa hewani." Mimi nikakataa. Kama hana kaburi, bado yuko njiani.

Kiwanja kilijaa. Jua la kiangazi lilikuwa kali mpaka vumbi lilikuwa jeupe. Wakakwa, wenyeji wa Koboko, walicheza, wanawake wa Kinubi wakacheza, watu wetu wakapuliza baragumu zao ndefu. Mama mmoja Mwislamu aliyesimama karibu nami akaruka akishika nguo yake, mbwa alikuwa amemkaribia.

"Mama wee! Vuta hiyo kitu yako, mimi nimeshatawadha!"

"Tulia, dada," wifi akamjibu na mhogo mdomoni. "Yeye pia iko na udhu yake. Wewe ndiye usimguse."

Watu wakacheka, yule mama naye akacheka, lakini alihama.

Kisha mwenye kipaza sauti akasema vijana wa leo hawajui cere, wazee wapande jukwaani wawasikilizishe. Walipanda wachache, kila mmoja akapiga wake. Shemeji alikuwa wa mwisho. Sikuwa na wasiwasi. Wake naujua: unaanza juu, mfupi. Akaweka kiganja sikioni, akaanza chini.

Nilijua ni wa mume wangu kabla haujapanda.

"Amefanya nini?" wifi akauliza. Naye alikuwa anaujua. Mume wangu ni kaka yake.

"Amemzika," nikasema.

Mbwa alisimama. Nilidhani atakimbilia jukwaa. Hakulitazama. Aliligeuzia mgongo, masikio ameyaelekeza kwenye mikaratusi, kule mwisho wa kiwanja. Ngoma zilikuwa kimya. Shemeji alikuwa anafuta mdomo, nilimwona kwa macho yangu. Na mwito ukapigwa tena, kutoka kwenye miti. Mume wangu alikuwa mgonjwa wa kifua, mwito wake ulikuwa unakatika katikati, halafu unaendelea. Shemeji hakuukata. Huu wa pili ulikatika.

Kamba ilinichoma kiganja, ikatoka. Nikamfuata mbwa.

"Dede, ngoja!" mjukuu wangu aliita nyuma, ndivyo wanavyoniita mimi bibi yao.

Chini ya miti hapakuwa na mtu. Vumbi lilikuwa limelala, hakuna unyayo ila wa mbwa. Yeye alikuwa amekaa, shingo ameinua, mkia unafagia chini. Sikio lake moja lilikuwa limelala upande, kama mume wangu alipokuwa akilibonyeza kwa kidole. Upepo haukuwepo.

"Umeusikia?" nikamuuliza mjukuu.

"Nimemsikia babu wa jukwaani."

"Mara ngapi?"

Alinishika mkono. "Dede, twende."

Shemeji alifika anahema. "Shemeji, haki ya Mungu, nilifungua mdomo kupiga yangu. Iliyotoka ni ile."

"Na aliyeitika ni nani?"

Alimtazama mbwa, akavua kofia. Hakuwa anadanganya.

"Kama iko hai, angekuja mpaka hapa tulipo," akasema. "Mutu mzima hajifichi kwa mke yake."

Nilikaa chini karibu na mbwa mpaka sikio lile likasimama. Ndipo nikasema, haya, mtayarishe matanga.

Tulicheza ngoma yake baada ya kuvuna mtama. Shemeji akaupiga mbele ya ukoo wote, kwa ruhusa yangu. Tukasikiliza kama utaitikiwa tena. Mbwa alikuwa miguuni pangu, hakuinua kichwa.

Ninyi mliokuwa Koboko siku ile, kama mwito ule ulipigwa mara moja tu, njooni mniambie kwa mdomo wenu. Mimi ni mzee, naweza kuchanganya. Mjukuu wangu msimuulize, hapendi.