Aminieli na Mtandao Usio na Mwenyewe

Kwetu huku juu ya Bombo, ukitaka kujua mtu anaaminika kiasi gani, uliza kama amewahi kukabidhiwa kizibo cha ndiva. Ndiva ni bwawa letu la mawe na udongo. Usiku linakusanya maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa, maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Anayeshika kizibo ameshika maharage ya watu. Aminieli alikuwa amekishika miaka ishirini na miwili bila kushtakiwa na yeyote, na hilo si jambo dogo, maana sisi Wapare tunajulikana: mtu anauza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku.

Kilichokuwa kinamuuma Aminieli ni grupu. Wakulima walikuwa na grupu lao kwenye simu, na siku moja akauliza mle, kwa adabu kabisa, ile saruji ya kukarabati ukuta wa ndiva imefikia wapi. Admini hakumjibu. Alimtoa. Mtu mzima, mzee wa kanisa, mwenye wajukuu wanne, anatolewa kama kuku aliyeingia sebuleni! Alilisimulia jambo hilo miezi mingi, kwa kila aliyepita mbele ya nyumba yake. "Kosa si la yule bwana," alikuwa akisema. "Kosa ni kumpa mtu mmoja kitufe." Tulimwitikia, tukaenda zetu.

Basi akaja Edgar, fundi wa kompyuta kutoka Same mjini, na visanduku saba vya vijiji saba, kila kimoja na sola yake. Akatukusanya uwanja wa kanisa akatuambia mtandao huu hauna mwenyewe. Hakuna admini mkubwa. Kila kijiji kina kisanduku chake na mlinzi wake, visanduku vyote vinapelekeana habari, na ukikorofishana na mlinzi mmoja unajiandikisha kwa mwingine. "Tena ujumbe haupotei kamwe," akasema. "Hata ukizuiliwa, unatunzwa, na siku ukifunguliwa unatoka wote, na tarehe zake." Aminieli alipiga makofi kabla ya mtu yeyote. Kisanduku chetu tukampa nani? Tukampa yeye. Angepewa nani mwingine?

Nyumba yake iko ukingoni mwa kilima, inatazama tambarare yote, kwa hiyo kisanduku chake kikawa na nguvu kuliko vingine. Watu wa vijiji jirani wakaona kwao kunakwama, kwa Aminieli kunafunguka upesi, wakahamia kwake mmoja mmoja. Hakuna aliyelazimishwa. Kabla mwaka haujaisha kisanduku kimoja kilikuwa kinazuia mlango usipigwe na upepo, na kingine kuku alikuwa anatagia juu yake, kwa sababu kina joto. Kingine kilichobaki kinatumika ni cha Kihurio kule chini kwenye mpunga, kwa mlinzi wao Iddi, chenye watu kumi na mmoja. Mtandao haukuwa na mwenyewe, lakini ukitaka kusikika ulipita kwa Aminieli.

Naye akajinunulia miwani mipya, akaweka meza barazani. Edgar alikuwa amemwonyesha kitufe cha Zuia, kwa ajili ya matapeli na watukanaji. Wa kwanza kuzuiliwa alikuwa mganga aliyetangaza dawa ya kurudisha ng'ombe waliopotea na waume waliopotea, dawa ile ile. Tulimshukuru Aminieli kwa hilo. Wa pili alikuwa mlevi. Wa tatu alikuwa Hedwiga.

Hedwiga ni mjane, jirani yake, mkubwa kwake kwa miaka sita, na shamba lake liko chini kabisa ya ndiva. Hana maneno mengi, ila yale machache aliyonayo hayana sukari. Asubuhi moja aliandika mbele ya watu mia tatu: "Aminieli, zamu yangu ni saa kumi na mbili. Sasa ni saa mbili na maji sijayaona. Umelala?" Ni kweli alikuwa hajafungua. Alikuwa barazani anasuluhisha ugomvi wa watu wa kijiji cha tatu. Uso ukamwaka. Angeweza kuinuka akafungue kizibo akaombe radhi, dakika tano tu. Alifungua kizibo, ndiyo, lakini kwanza alibonyeza kitufe.

"Sijamfunga mdomo," alimwambia mkewe, Hellen. "Aende kwa Iddi, uhuru upo."

"Na kwa Iddi atamsoma nani?" Hellen akauliza.

"Hilo si langu."

Baada ya siku mbili akasahau kabisa. Hedwiga naye hakujua, kwa kuwa kisanduku kilitengenezwa kisimwambie aliyezuiliwa, eti kuepusha ugomvi. Kwenye simu yake kila alichoandika kilionyesha kimetumwa.

Ikafika Jumanne moja ya kiangazi, maharage yametoa maua, akaja getini kwa Aminieli, miguu imejaa tope.

"Shikamoo dada Hedwiga," Aminieli akasema bila kuondoa macho kwenye simu.

"Marahaba. Nimekuja kuhusu ule ukuta. Kule kwangu chini..."

"Dada, dada. Mambo ya kuambiana getini tumeshayaacha. Andika mtandaoni, watu wote waone."

"Niandike?"

"Andika. Ndiyo utaratibu."

Hedwiga alisimama kidogo, akaitazama miguu yake, kisha akaenda kuandika.

Jumamosi alfajiri Aminieli alishuka akakuta kizibo hakina kazi. Ndiva ilikuwa tupu. Vyura walikuwa wamekaa kwenye tope wanashangaa, na upande wa chini ukuta ulikuwa wazi, tundu ambalo ng'ombe angepita. Maji yalikuwa yameteremka matuta kwa matuta, yakachukua maharage ya Aminieli nusu, na ya Hedwiga yote. Shamba zima la yule mama lilikuwa mawe na matope. Aminieli alikaa chini akashika kichwa. Msimu wa kitongoji kizima ulikuwa umekwenda na maji.

Jumatatu tukaitwa msaragambo, maana kazi ya wote tunaifanya wote, na asiyetokea anajua faini yake. Watu walikuja na majembe, wengine wamebeba mawe kichwani, na kila mmoja alikuwa na swali lile lile: inakuwaje ukuta unavuja hadi unabomoka na hakuna aliyesema?

"Mimi niliandika," Hedwiga akasema.

Wakatazamana. Hakuna aliyeona kitu.

"Niliandika tangu Jumanne, kila siku. Mkanyamaza, nikajua mmeona na fundi anakuja." Akaigeuza simu yake mikononi, kisha akamgeukia Aminieli, na sauti yake ikawa ndogo. "Nisamehe, ndugu yangu. Labda sikubonyeza vizuri. Macho yangu haya. Ningerudi tena getini kwako."

Hapo ndipo Aminieli alipokumbuka. Kumbukumbu ilimjia yote pamoja, asubuhi ile, kitufe kile, hata kikombe cha chai kilipokuwa mezani. Angesema, pale pale, na huenda tungemsamehe. Ametushikia maji miaka ishirini na miwili.

"Usijali, dada," akasema. "Utakuwa ni mtandao tu."

Watu wakaulaani mtandao, wakarudi kwenye mawe. Aminieli akasogea nyuma ya rundo la mchanga akatoa simu. Dhamiri ilikuwa inamsuta, hakuwa mtu mbaya. Aliona walau amfungulie kimya kimya, ya mbele yawe sawa. Akatafuta jina la Hedwiga, akabonyeza Fungua.

Simu ikalia mfukoni mwa Asheri, kijana aliyekuwa anapanga mawe. Ikalia ya Hellen. Zikalia zote, ukuta mzima. Majembe yakasimama. Mzee Tumainieli, ambaye hasomi bila miwani, akasema, "Nisomeeni na mimi," na Asheri akasoma kwa sauti.

"Jumanne. Ukuta wa ndiva unatoa maji ya tope upande wangu. Mje mwone. Hapa chini imeandikwa: umezuiliwa na mlinzi, Aminieli. Jumatano. Tundu limekuwa kubwa, mkono unaingia. Umezuiliwa na mlinzi, Aminieli. Alhamisi. Nimeziba kwa gunia, peke yangu siwezi. Umezuiliwa na mlinzi..."

"Inatosha," Hellen akasema.

Hedwiga alikuwa anasoma kwenye simu yake mwenyewe, taratibu, kidole juu ya kioo. Alipomaliza akainua macho. Aminieli alikuwa ametoka nyuma ya mchanga na simu bado imo mkononi, na neno pekee lililomjia lilikuwa salamu, ingawa walishasalimiana asubuhi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Hedwiga akaitikia, maana ndivyo alivyolelewa. Kisha akachukua jembe lake, akaenda kufanya kazi upande wa pili wa ukuta.