Mama Mizani Apewa Tableti

Miaka thelathini na mmoja alikuwa akipima watoto uzito kliniki. Jina lake la kwenye hati lilijulikana ofisini tu; kwa wengine wote, kuanzia mlinzi wa getini mpaka daktari, aliitwa Mama Mizani. Alikuwa akimtundika mtoto, anasoma mshale, na kabla mtoto hajamaliza kushangaa, uzito umeshaingia daftarini. Mtoto akiangua kilio, yeye husema, "Lia tu, kelele hazipimwi hapa," mama mtu akacheka, na foleni ikasogea.

Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu tableti, zile kompyuta bapa za kugusa, zilipoletwa. Metroni, mwanamke wa umri wa binti yake, aliwakusanya wauguzi kwenye chumba cha sindano akawaambia kwamba kuanzia mwezi ujao madaftari yote yanafungiwa kabatini.

"Kuna mwenye swali?"

Mama Mizani alikuwa nalo, lakini aliondoka nalo.

Mafunzo yalikuwa ya asubuhi moja. Aligusa kioo, kikakaa kimya. Akagusa tena kwa nguvu, kama mtu anayembishia hodi kiziwi. Mwalimu, kijana mwenye haraka zake, akamsogeza pembeni akambonyezea mwenyewe. "Rahisi tu, mama. Umeona?"

Alichokiona ni mkono wa mtu mwingine.

Tangu siku hiyo hakutulia. Nyumbani alipiga deki sebule ambayo alikuwa ameshaipiga asubuhi. Alikaa, akainuka, akafungua kabati, akasahau alichokifuata. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu yake ya kugusa. Yeye aliizoea kwa wiki moja, kwa sababu hakuna kitu asichokibonyeza. Kwa kubonyeza huko alijikuta ameingia kwenye kikundi cha wafugaji wa nyuki, yeye ambaye hajawahi kufuga hata kuku. Akashindwa kutoka, akabaki humohumo, na sasa walikuwa wakimtumia salamu kila Jumatatu.

"Kaa basi, mama," alimwambia. "Unaogopa nini?"

"Naogopa kuharibu."

"Mimi nimeharibu mara ngapi?" alisema akicheka.

"Wewe ukikosea unapata nyuki. Mimi nikikosea ni mtoto wa watu."

Mzee akaacha kucheka. Akasogea, akampa nafasi na simu. Alipomwona akigusa bila jibu, alimshika mkono akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za vidole zilikuwa kavu, zimeparara kwa sabuni na spiriti ya miaka yote ile. "Simu haina ubaya na wewe," alisema. "Hebu paka losheni kidogo, kisha jaribu."

Akapaka. Simu ikaitika. Wasiwasi wake, hata hivyo, haukuondoka.

Wiki ya kwanza ya kutumia tableti ilikwenda kwa jasho. Siku ya Alhamisi, baada ya kutoka zamu ya asubuhi, alikuwa uani anaanika nguo. Mkono ukasimama kwenye kamba. Alimkumbuka mtoto mmoja wa asubuhi ile, msichana mnene mwenye mapaja ya mikunjo. Kilo nane na nusu kasoro kidogo. Lakini kioo kilikuwa kimewaka alama nyekundu, na yeye, foleni ikimsukuma, alibonyeza "endelea". Nyekundu ya nini, kwa mtoto kama yule?

Aliziacha nguo kwenye beseni akatoka na malapa ya ndani.

Kliniki alimkuta Metroni anafunga madirisha. Walipofungua tableti, mambo yalikuwa vilevile alivyoogopa: badala ya nane nukta nne, kilo nne nukta nane. Mbaya zaidi, mashine ilikuwa imeshamtumia mama wa mtoto ujumbe: mwanao amepungua sana uzito, mlete kesho bila kukosa.

Mama Mizani hakungoja kuambiwa. Aliomba simu, akapiga.

"Sista, nimekaa namwangalia mtoto tangu saa nane," alisema yule mama, sauti imepasuka. "Namlisha, namgeuza, natafuta ugonjwa siuoni."

"Mwanao ni mzima. Mimi ndiye niliyekosea kuandika. Nisamehe, mwanangu."

"Umenikata maini, sista." Na simu ikakatwa.

Alisimama katikati ya chumba, hajui aweke wapi mikono. Metroni alimvutia kiti. "Mama, bonyeza hapa. Palipoandikwa 'hariri'."

"Kilichoandikwa kinafutika?"

"Kinarekebishika. Na tableti inaandika nani amerekebisha, na saa ngapi."

"Kumbe ni kama kukata mstari na kutia sahihi."

"Ndiyo hivyohivyo. Kwani hamkufundishwa?"

"Mwalimu alifundisha. Ila aliyekuwa anabonyeza ni yeye."

Metroni alifungua faili la mtoto asiyekuwepo, akampa tableti, akaweka mikono yake mwenyewe mgongoni. Kwa zaidi ya nusu saa Mama Mizani alimpima mtoto huyo hewa. Alimpa kilo arobaini, akamwandikia kuzaliwa kabla ya mama yake, akamchanja mara tatu kwa siku moja, na kila mara akarudi kurekebisha. Mara mbili alicheka kwa sauti. Mlinzi alichungulia mlangoni, akajiendea zake.

Ilimchukua mwezi na nusu kuizoea tableti kabisa. Wauguzi wengine wawili wa rika lake wakaanza kumfuata yeye badala ya kumsubiri mwalimu, naye aliwapa mtoto yuleyule hewa akawaambia wamkosee watakavyo.

Utulivu haukumrudia wote. Mpaka alipostaafu, kila siku kabla ya kuondoka alipitia majina yote ya siku hiyo akiwa amesimama, mkoba begani, akisoma uzito mmoja mmoja kwa sauti ya chini. Mumewe alizoea kula peke yake.

"Hicho kitu si ulishakijua?" alimuuliza mara moja.

"Nimekijua," alisema. "Ndiyo maana nakiangalia."