Vichanja vya Kabonga

Nilitumwa Kabonga kupima kama mradi wa vichanja vya kuanikia ndagala, yaani dagaa wa ziwani, umewasaidia wanawake wa pale. Chuoni nilifundishwa kuwa na kijiji cha kulinganisha, kisichopata mradi. Nilikuwa nacho. Ziwa lilikuwa limepanda na kufunika fukwe zote mbili, kwa hiyo tofauti haikuonekana.

Mwenyekiti wa chama chao, mama wa umri wa kuweza kunizaa, alinipandisha mtumbwini asubuhi, upepo umelala.

"Muzee, umesoma sana. Kuogelea unajua?" aliuliza, akiniita muzee kwa cheo, si kwa umri.

"Hapana, mama."

"Basi acha kalamu, shika mutumbwi."

Maji yalikuwa maangavu mno. Chini yetu vichanja vilisimama safu kwa safu, nyavu zimekazwa, kama vile vimepanguswa jana. Vitambaa ambavyo kila mwanamke alifunga kwenye nguzo yake vilikuwa vikipepea polepole. Mama alipiga kasia bila kutazama chini. Akakata kona, akanyoosha, akakata tena. Nikamwomba apite katikati tufike haraka kwenye kichanja chake.

"Apana. Hapo iko samaki ya mwenzangu. Samaki ya mutu hairukwi."

Ni kweli, ufukweni pale mwanamke haruki kichanja cha mwenzake, anazunguka. Nilichungulia. Kilikuwa kitupu. Hata hivyo nilijikuta nimekunja miguu.

Fomu ilikuwa na majibu mawili: vinatumika, havitumiki. La pili lingefuta chama, na kiwanja walichoahidiwa juu kilimani kingepewa wengine. Mama alilijua hilo kabla yangu.

"Kile changu," alisema. "Andika."

"Niandike kinatumika?"

"Umekiona ama hujakiona?"

"Nimekiona."

"Si uandike umekiona."

Nikaandika: vichanja vipo vyote, vimepangwa vizuri, wenyewe wanavitunza. Kila neno lilikuwa la kweli. Fomu haikuwa na mahali pa kueleza viko wapi. Aliyeitunga hakuwaza kwamba pangehitajika, na aliyeitunga ni mimi.

Nilipiga picha tatu za vichanja kupitia majini. Ofisini Bujumbura walizisifu kwa rangi yake ya buluu, na baada ya wiki chache chama kilipata kiwanja. Mkuu aliuliza jambo moja tu: mbona hazina watu hata mmoja. Nilizitazama tena pamoja naye, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.