Laini ya Mwalimu Isiguswe

Nyumba yangu iko karibu mno na uwanja wa ndege. Ndege ikipita, vikombe vinagongana kabatini na mgeni asiyezoea huinamisha kichwa. Kwa sababu hiyo hakuna familia iliyotaka kupanga kwangu, wakabaki wale wasio na la kuchagua: marubani wapya wa mashirika ya ndege ndogo za mikoani. Nawapangisha vitanda, si vyumba. Watu wanadhani rubani ni miwani ya jua na hoteli. Waje waone soksi zinavyoanikwa dirishani kwangu.

Mwalimu alikuwa mmoja wao. Tulimwita hivyo kwa kuwa kabla ya kuajiriwa alifundisha vijana kurusha vile vindege vya viti viwili, mpaka mvi zikaanza kumchungulia masikioni. Mkewe alibaki mji wa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima, na alikuwa na mimba ya kwanza baada ya kungoja miaka. Mwalimu aliniambia hayo siku ya kwanza, hata begi hajaliweka chini.

"Mama, nataka mambo mawili tu. Nipite kipindi cha majaribio, na mtoto akizaliwa niwepo."

"Mwanangu, hujaomba makubwa," nikamwambia. Wakati huo nilikuwa bado siijui kazi yenyewe.

Kwanza walisomeshwa darasani mpaka macho yakawa mekundu. Kisha akaja na karatasi kubwa yenye picha ya swichi zote za ndege, akaibandika ukutani kwangu kwa gundi, na rangi ya ukuta ikaondoka nayo. Alivuta kiti cha jikoni, akakaa mbele ya ukuta, akawa anagusa swichi za karatasi moja baada ya nyingine huku anajisemea. Nikipita na ndoo namuuliza, "Tumefika wapi, kapteni?" Hacheki. Baadaye ikaja zamu ya mashine inayoigiza ndege, chumba kinachotikisika, ambamo mkufunzi kazi yake ni kukuharibia. Ukipaa anakuzimia injini, ukitaka kutua anakuletea ukungu. Mwalimu alikuwa akirudi hoi bin taaban, anakula kwa mkono mmoja, mwingine unashika usukani usiokuwepo. Lakini alifaulu. Akapewa mistari yake miwili ya mabegani, nami nikachinja kuku. Tulidhani kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kwenye mashirika yale kila kitu huenda kwa ukongwe. Aliyeajiriwa mapema huchagua safari, huchagua likizo, huchagua hata siku ya kupumzika. Mwalimu alikuwa wa mwisho wa mwisho, akapangiwa zamu ya akiba. Yaani tangu alfajiri mpaka jioni unakaa tayari: sare imenyooshwa, begi liko mlangoni, simu mkononi. Rubani fulani akiumwa tumbo, ofisi ya ratiba inakupigia, na ndani ya saa moja uwe umefika kwenye ndege. Asipoumwa mtu, unakaa. Huendi sokoni, huendi kunyoa, huli kitu kitakachokusumbua. Kesho unakaa tena. Mimi nimefua mashuka ya nyumba hii mpaka kiuno kikakataa kunyooka, lakini uchovu wa mtu yule, anayeshinda ameketi na tai shingoni, ulinishinda hata kuutazama.

Halafu akakosa simu. Alikuwa bafuni, povu limejaa kichwani. Alipotoka, ofisi ilikuwa imeshamwita mwingine, na mkuu wa marubani akampa onyo: ikitokea tena kabla ya majaribio kwisha, amemwaga unga. Tangu hapo akawa anaoga na simu, ameitia kwenye mfuko wa plastiki juu ya kisahani cha sabuni. Akatoa na amri kwa ndugu, jamaa na marafiki: zamu ikiwa inaendelea, mtu asimpigie wala asimtumie ujumbe. Laini isiguswe. Mama yake mzazi alinuna. Hata mimi niliamriwa nibadili mlio wa simu yangu kwa kuwa ulifanana na wake, na kila ulipolia jikoni yeye alikuwa keshavaa kiatu kimoja. Nikabadili shingo upande, ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Siku za mkewe zilipokaribia aliomba likizo. Dada wa ofisi ya ratiba, mwenye sauti tamu isiyo na msaada wowote, akamjibu kwamba ombi limepokelewa na litashughulikiwa kwa kufuata ukongwe. Ndiyo kunyimwa huko. Nikamtolea uvivu.

"Mwalimu, waambie unaumwa, uende kwa mkeo."

"Daktari wao atataka kunipima, mama."

"Basi uumwe kweli. Leo nitapika mimi, na chumvi usiniulize."

Alicheka kidogo, akaenda kunyoosha shati lililokwisha kunyooshwa.

Siku yenyewe ilianza kama nyingine. Alfajiri alikuwa kwenye kochi, tai imekaa sawa, simu juu ya goti. Nje ukungu ulikuwa umeshuka na ndege zinachelewa, na rubani akichelewa sana saa zake za kazi humwishia, nikamwambia leo lazima wamwite. Simu kimya. Nikampa maharage achambue, ili angalau mikono ipate shughuli. Akayachambua kwa makini, mabovu huku, mazima huku, mpaka yakaisha. Kisha akayamwaga tena kwenye ungo akaanza upya, na hakuna aliyemwambia.

Mchana roho iliniuma, nikampa simu yangu. "Mpigie mkeo kwa hii. Yako hatuigusi."

Aliiweka spika, simu yake ikiwa mkono wa pili. Mkewe alikawia kupokea.

"Hujambo? Mbona unahema?"

"Sijambo. Nimechoka tu, nataka kulala."

"Bado?"

"Bado. Wewe wamekuita?"

"Wapi! Toka asubuhi nimekaa."

"Watakuita. Kaa na kazi yako, mimi niache nilale." Akakata.

Mwalimu akanirudishia simu, akasema mbona alisikia watu wengi pale kwa mkewe. Nikasema huenda ni redio. Akakubali upesi mno.

Jioni zamu ikaisha bila mtu kumhitaji. Hakuvua hata viatu, aliegemeza tu kichwa ukutani. Simu ikalia palepale. Akasimama wima, akaitikia kikazi, akataja na cheo chake. Kumbe ni mama mkwe wake. Kwa kubabaika akabonyeza spika, nami niko mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba, pole na kazi. Tulikuwa tunangoja zamu yako iishe. Umepata binti."

"Lini?"

"Leo mchana. Uchungu ulimshika alfajiri, mtoto akawa amekaa vibaya, ikabidi wampasue. Saa ile ulipopiga ndiyo walikuwa wanamsukuma kumwingiza chumba cha upasuaji. Damu ilimtoka nyingi, tuliogopa, lakini sasa ameamka na mtoto mzima. Mimi nilitaka kukupigia tangu alfajiri, baba. Alikataa katakata. Alisema nikikupigia nitakuharibia kazi."

Mwalimu alikaa chini polepole. Nilishikwa na hasira, sijui hata ya nani: ya ile ofisi, ya yule binti wa watu na ushujaa wake, au ya huyu hapa na amri zake. Mkewe alipasuliwa peke yake ili laini ibaki wazi, na kutwa nzima hakuna aliyeitumia.

Wakamsogezea mkewe simu. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyetoka mbali.

"Upo?"

"Nipo. Pole, mke wangu. Pole sana."

"Nimeshapoa. Ana masikio yako, maskini ya Mungu." Akapumzika kidogo. "Eti, walikuita?"

Mwalimu akalitazama shati lake lisilo na kunyanzi hata moja, akatazama ungo wa maharage, akanitazama mimi.

"Waliniita," akasema.

"Nilijua! Niliwaambia hawa, acheni kumpigia, saa hizi mwenzenu yuko angani. Mama akawa ananibishia." Nilimsikia anacheka na kugugumia maumivu kwa pamoja. "Abiria walikuwa wengi?"

"Ilijaa," akasema Mwalimu, mkono umefunika macho. "Hakikubaki hata kiti kimoja."