Mjomba na Bi Mkato

Siku hizi nami nafanyia kazi nyumbani, na kila ninapojikuta nimesimama mbele ya friji bila kujua nimefuata nini, namkumbuka mjomba wangu. Nilikaa kwake miaka mitano nikisoma sekondari, na nilimshuhudia akihangaika na jambo ambalo wakati ule hatukuwa na jina la kuliita: mtu mzima akae ndani ya nyumba yake mwenyewe, mchana kweupe, na bado afanye kazi ya watu.

Mjomba alikuwa msomaji prufu. Kwa asiyejua, prufu ni kurasa za majaribio zinazotolewa kabla kitabu hakijachapwa, na msomaji huzikagua neno kwa neno ili makosa yasimfikie mnunuzi. Aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili katika kampuni ya vitabu vya shule, ndani ya chumba kilichopakana na mashine za kuchapia. Nilifika humo mara mbili tatu nikiwa mdogo. Kilikuwa chumba chembamba, dirisha moja lenye wavu, harufu ya wino imeganda mpaka kwenye mapazia, na ukuta ulitetemeka kila mashine ilipoanza kunguruma. Meza mbili zilitazamana, zimesogezwa karibu hivi kwamba waliokaa nusura wagusane magoti. Upande mmoja alikaa mjomba. Upande wa pili alikaa mama mmoja aliyemzidi umri kwa miaka minane hivi, ambaye kampuni nzima ilimwita Bi Mkato.

Jina hilo alilipata kihalali. Wao walisoma kwa sauti. Mmoja alishika nakala ya mwandishi akisoma, mwingine akafuata kwenye prufu na kalamu nyekundu mkononi, na kwa kuwa hata alama zilitakiwa kukaguliwa, nazo zilisomwa. "Herufi kubwa, Ng'ombe hula nyasi, mkato, lakini paka hali nyasi, nukta. Aya mpya." Kwa sababu ya mashine ilibidi wapige kelele, na mgeni aliyepita mlangoni alidhani kuna watu wamekamatana mashati. Lakini jina lilikuwa na sababu ya pili: Bi Mkato hakumwacha mtu amalize sentensi. Ukianza kumsimulia habari za mgonjwa, kabla hujafika hospitali yeye ameshamzika.

Saa nne walikunywa chai, kila mmoja na kikombe chake, na hapo ndipo habari zote za kampuni zilipopita mezani: nani anaoa, nani amegombana na fundi wa mashine, nani amenunua viatu vinavyolia. Mjomba alirudi nyumbani jioni na vidole vyekundu vya wino, koo limekauka, na uso wa mtu aliyeshinda mahali pazuri.

Halafu Ijumaa moja wakaitwa ofisini. Mashine zinahamishwa, chumba kinavunjwa, na kuanzia sasa kazi za kusoma zitatolewa kwa mkataba, kitabu kwa kitabu. Bi Mkato, kwa umri wake, alipewa mkono wa kwaheri na cheti. Mjomba aliambiwa na meneja, kijana mwenye tabasamu, "Wewe mzee wetu utafanyia nyumbani. Hakuna foleni, hakuna kuamka alfajiri. Raha iliyoje!"

Mwanzoni hata sisi tuliona raha. Mkazamjomba, yaani mke wake, alikuwa mshonaji mwenye kibanda chake karibu na stendi, na kila siku alitoka mapema. Aliondoa vitambaa vyake kwenye meza ya sebuleni, akaifuta, akaweka taa. Mjomba akapanga kalamu zake kama daktari wa upasuaji. Wiki ya kwanza akawa anatuaga sisi tunaotoka, yeye amesimama mlangoni na kikombe, mfalme wa nyumba.

Wiki ya pili watu wakagundua kwamba yupo.

Jirani wa kushoto akamwachia funguo, "kwa kuwa upo." Jirani wa kulia akamwachia mtoto, dakika tano tu, akarudi adhuhuri. Shemeji yake akapiga simu: "Shemeji, si upo tu hapo? Nenda kanisimamie fundi bomba." Msoma mita ya maji alimfanya rafiki. Na pale ambapo hakuna aliyemsumbua, alijisumbua mwenyewe. Nilikuwa likizo nikamwona kwa macho yangu: anasoma nusu ukurasa, anainuka kukaza bawaba ya kabati. Anasoma mistari mitatu, anakwenda kufunua sufuria ambayo anajua ni tupu. Anakaa. Anachonga penseli ambayo haitumii. Saa kumi na moja mkazamjomba anaingia, "Kazi imekwendaje?" naye anajibu, "Imesogea," na kweli ilikuwa imesogea, kutoka upande huu wa meza kwenda upande ule.

"Lakini hujapumzika hata kidogo," nilimwambia siku moja, nikitaka kumfariji.

"Ndiyo maajabu yenyewe, mwanangu. Sijapumzika na sijafanya kazi. Sasa siku nzima nimekuwa wapi?"

Mkazamjomba akamwandikia ratiba, akaibandika ukutani. Mjomba aliisoma, akasahihisha makosa mawili ya tahajia, na hakuifuata hata siku moja.

Kilichomwangusha kilikuwa kijitabu chembamba cha shule moja iliyokuwa ikiadhimisha miaka hamsini. Kurasa ishirini na nne, picha nyingi, kazi ya asubuhi moja kwa mtu kama yeye. Alikaa nacho siku tisa. Kwenye ukurasa wa tatu, kwa herufi nene, palitakiwa kuandikwa "Neno la Mkuu wa Shule". Aliyepiga chapa aliandika "Neno la Mkia wa Shule". Mjomba alipita hapo mara tatu na kila mara macho yake yaliona mkuu, kwa sababu alijua ni mkuu. Kikachapwa. Kikagawiwa wazazi.

Mkuu mwenyewe alipiga simu. Hakufoka, na nadhani ingekuwa nafuu kama angefoka. Alisema kwa adabu, "Mzee, samahani kwa usumbufu. Nilitaka kujua tu: kama mimi ndiye mkia, kichwa cha shule hii ni nani?"

Mimi nilikimbilia jikoni kuficha kicheko. Mjomba hakucheka. Siku mbili hakugusa kalamu. Alikaa kwenye kochi, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake na karani. Jioni ya pili mkazamjomba alikaa karibu naye, bado ana pini za kushonea kwenye kola.

"Unajua mume wangu, mimi nilidhani makelele ya watu ndiyo yanayokuharibia kazi," alisema. "Siyo. Miaka ishirini na miwili umefanya kazi kwenye makelele ambayo hata kuku asingeatamia. Kinachokuua wewe ni ukimya."

Kesho yake mjomba akavaa shati la kola, akachukua mkoba wake wa zamani na prufu za kitabu cha sayansi, akaniambia tufuatane kumwona Bi Mkato.

Aliishi ghorofa ya tatu kwa binti yake, nyumba yenye mazulia na mtoto mchanga analia chumba cha ndani. Tangu kuachana kazini hawakuwa wameonana zaidi ya mara moja. Alitufungulia akatukaribia sana, uso wake karibu kabisa na wetu, na hapo nikafahamu kwamba haoni vizuri. Mtoto wa jicho, alisema, macho yote mawili, anasubiri zamu ya upasuaji. Mwanamke aliyekuwa akiona nukta iliyohama kwa upana wa unywele sasa alipapasa meza kutafuta kijiko.

Mjomba akamsimulia habari ya mkia, na kwa mara ya kwanza Bi Mkato alimwacha mtu afike mwisho. Kisha alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka binti yake akachungulia, mpaka mjomba naye akaanza, kwanza kwa shingo upande, halafu kwa machozi kabisa.

"Haya," Bi Mkato alisema akijifuta uso kwa kanga. "Umebeba nini humo mkobani? Nasikia karatasi."

"Sayansi, darasa la tano."

"Nisomee."

"Dada, huoni. Utafuataje?"

"Nina masikio. Soma. Na soma kilichoandikwa, usisome unachokijua."

Mjomba akaanza taratibu. "Herufi kubwa, Mmea huhitaji mwanga, mkato, maji na hewa, nukta." Sauti yake ilikuwa na kutu kidogo. Ukurasa wa pili ikanyooka. Wa tatu Bi Mkato akainua kidole: "Simama. Umevuta pumzi mahali ambapo hukuniambia kuna mkato." Mjomba akaangalia, mkato haukuwepo na ulitakiwa kuwepo. Mbele kidogo: "Rudia. 'Mbegu ambazo limeota'? Limeota nani?" Niliwatazama pale kwenye kochi, magoti yao karibu kugusana, mtoto akilia ndani na redio ya jirani ikipayuka, na mjomba akawa mtu niliyemwona nilipokuwa mdogo. Walisoma kurasa thelathini na moja. Chai tuliyowekewa ilipoa, ikatiwa upya, ikapoa tena.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi saa tatu kamili, mjomba alimpigia simu Bi Mkato. Alioga, akavaa shati la kola na viatu, kana kwamba simu ina macho. Siku moja nilimtania. Akaniambia, "Muulize na yeye amevaa nini." Nikauliza. Sauti ikajibu kutoka kwenye spika, "Nimevaa viatu, mwanangu. Kazini hatuendi na ndara."

Nyumba ikabadilika. Kuanzia saa tatu hadi saa sita sebule ilijaa mikato na nukta, alama za kuuliza na mabano. Jirani wa kulia alikuja na mtoto wake begani, akasikia sauti mbili zinabishana kuhusu herufi, akarudi polepole. Shemeji alipopiga simu kwa mkazamjomba kulalamika kwamba laini ya mjomba haipatikani, alijibiwa neno moja ambalo sijasahau jinsi lilivyotamkwa kwa fahari: "Yuko kazini." Na saa nne walisimama kunywa chai, kila mtu kwake, simu ikiwa wazi, wakakumbushana chumba chao. Ile siku panya alipokula kona ya kamusi. Fundi wa mashine aliyekuwa akiimba bila kujua anaimba. Harufu ya karatasi zilizotoka kwenye mashine zikiwa bado na joto, ambayo Bi Mkato alisema angeitambua hata akiwa usingizini. Siku za likizo mimi nilijifanya nasoma, huku nasikiliza. Ujira waligawana nusu kwa nusu, na mjomba aliibana kampuni mpaka jina la mwenzake likaandikwa kwenye vitabu kando ya lake.

Mwaka wa pili Bi Mkato akafanyiwa upasuaji, na macho yakarudi. Furaha ya mjomba haikuwa na mfano. Alitafuta meza ya pili, akaisukuma hadi itazamane na ya kwanza, akanunua kalamu mpya nyekundu, akapima hata umbali wa viti. Bi Mkato alikuja kwa teksi, amepaka mafuta mazuri, miwani inang'aa. Alikaa, akaangalia huku na huku, akasema, "Mwenzangu, tumerudi."

Hawakuwa wamerudi. Sijui niseme nini kilikosekana. Labda ukuta haukutetemeka. Bi Mkato, aliyekaa gizani mwaka na nusu, alitaka kuona kila kitu: mapazia, picha zetu ukutani, paka dirishani. Mjomba naye, alipotazamwa usoni, alianza kusoma kwa madaha kama mtangazaji. Kila baada ya nusu ukurasa mmoja alikumbuka jambo na mwingine akaliongeza. Siku ya kwanza walifika ukurasa wa sita. Siku ya pili hawakufika hata hapo, na saa sita kila mmoja alikuwa anaichezea kalamu yake, wanaona haya kama wachumba waliokutanishwa na wazazi. Niliona mjomba akiyapitisha macho kwenye zile meza mbili, na uso wake ukawa wa mtu aliyefika kituo cha zamani akakuta basi halipiti tena.

Bi Mkato ndiye aliyekata, kama kawaida yake.

"Mwenzangu, kesho nipigie."

"Nikupigie?"

"Saa tatu. Nitumie karatasi zangu, nitazisoma kwangu. Hapa tunakuja kupiga soga."

Mjomba aliitikia kwa kichwa. Alimsindikiza hadi kwenye teksi, wakasimama pale nje muda mrefu wakiongea, na sikusikia waliongea nini. Asubuhi yake saa tatu mjomba akapiga simu, sauti zikaanza, na kufikia chai walikuwa wamemaliza kurasa ishirini.

Waliendelea hivyo miaka minne zaidi, hata baada ya mimi kuhama. Nilipokuja likizo niliwakuta palepale, sauti zimezidi kukwaruza, ubishi uleule. Kitabu chao cha mwisho kilikuwa cha hesabu, darasa la tatu, na kwa bahati nilikuwepo. Maneno ndani yake yalikuwa machache mno. "Saba, alama ya kujumlisha, tano, alama ya sawasawa, nafasi tupu," mjomba alisoma, ukurasa baada ya ukurasa, na Bi Mkato akawa anaitikia "ndiyo" tu, kwa upole ambao sikuwahi kumsikia nao. Kampuni ilikuwa imeshawaambia kwamba kazi nyingine haitakuja.

Alipofika mwisho mjomba aliweka kalamu mezani.

"Umeona kosa lolote, dada?"

"Sijaona."

"Hata mimi."

Kwa mara ya pili tangu nimfahamu, Bi Mkato alisubiri mwenzake aseme lote alilotaka kulisema. Mjomba aliaga tu. Akakata simu, akavua viatu, akaenda kukaa barazani na mkazamjomba, ambaye siku hiyo hakufungua kibanda.